Je, Wajua? Kumzoesha farasi mchanga, na kwa nini Rumonge hakuna farasi

Je, wajua kwamba unaweza kutoka Bujumbura asubuhi, ukaifuata barabara ya taifa namba 3 kando ya Tanganyika, ukapita Rumonge, ukalala Nyanza-Lac, na usimwone farasi hata mmoja? Utaona mbuzi, utaona ng'ombe wenye pembe ndefu, utaona baiskeli zilizolemewa na madumu ya mawese na magunia ya ndagala. Farasi, hapana. Mtoto wa Rumonge humjua kwa picha na kwa filamu, ilhali Waswahili wenzake wa Nairobi na wa Maskati wanamwona akizaliwa, akizoeshwa na akipandwa.

Je, wajua aliyemzuia njiani? Ni mbung'o. Inzi huyu humwachia mnyama vijidudu vya tripanosoma damuni, na farasi ni miongoni mwa wanyama wasiovistahimili kabisa: hupata homa, huvimba miguu na tumbo, hukonda huku bado anakula, na mara nyingi hafikishi miezi mingi. David Bruce alivitambua vijidudu hivyo mwaka 1895 huko Zululand. Mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine, akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akathibitisha kwamba kijidudu hukomaa kwanza ndani ya mbung'o mwenyewe ndipo kiambukize. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ya binadamu yaliushambulia ufukwe wa Tanganyika vibaya, watu wakahamishwa kutoka kando ya ziwa. Mahali ambapo binadamu anahamishwa, farasi angeletwa kufanya nini?

Ndiyo maana farasi wa Afrika Mashariki ni wa nyanda za juu zenye baridi, kama Nairobi, Nanyuki na Molo. Ethiopia nako, juu milimani, farasi wamejaa.

Je, wajua kwamba punda ni mzaliwa wa upande wetu? Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba punda wote duniani wana asili moja, Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Punda wa Lamu na punda wa Uchina ni ndugu wa damu. Farasi alichelewa. Asili ya farasi wa leo, kwa mujibu wa uchunguzi mwingine wa 2021, ni nyika za mito Volga na Don huko Urusi, kama miaka 4,200 iliyopita. Wachunguzi hao walikuta jambo la kufikirisha: kati ya jeni zilizochaguliwa kwa nguvu wakati ule, moja inahusiana na uimara wa mgongo, nyingine na utulivu wa tabia. Maana yake wafugaji wa kale hawakutafuta nguvu peke yake. Walimbakiza asiyeruka ovyo.

Na pundamilia je? Alijaribiwa pia. Dokta Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika Nairobi mwaka 1900, alikuwa akienda kuwatazama wagonjwa wake juu ya pundamilia, na picha zake zipo mpaka leo. Lakini pundamilia mmoja aliyezoea mtu mmoja si ukoo uliofugwa. Mwana wa pundamilia huyo angezaliwa mwitu vilevile.

Kwa nini mbung'o hamwangamizi pundamilia? Mwili wake umezoea vijidudu kwa karne nyingi, na milia nayo inasaidia. Mwaka 2019 watafiti huko Uingereza waliwavisha farasi majoho ya milia; inzi waumao walishindwa kutua vizuri kwenye nguo ya milia, wakatua kama kawaida kwenye kichwa kilichoachwa wazi.

Je, wajua kwamba msafiri Henry Morton Stanley, ambaye jina lake limechongwa pamoja na la msafiri mwenzake Livingstone kwenye jiwe la Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, aliondoka Bagamoyo 1871 akiwa na farasi wawili na punda 27? Farasi mmoja alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja. Wote wawili walikufa katika kambi ya Kingaru, pwani hata haijawa mbali, na wala si kwa mbung'o. Stanley alimpasua wa kwanza akakuta tumbo limejaa minyoo. Wa pili alikuwa na uvimbe wa saratani. Kisha likazuka jingine. Mkuu wa kijiji alidai faini ya doti mbili za kitambaa cha merikani kwa sababu mzoga umezikwa katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu kwamba basi atamfukua, aurudishe udongo wa mkuu kama ulivyokuwa, na farasi abaki juu palepale. Mkuu akaghairi upesi, na kwa jua la pwani ungeghairi hata wewe. Novemba mwaka huohuo Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi Ujiji, wakaupita ufukwe wa Burundi mpaka mdomo wa Rusizi, wakaona kwa macho yao kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Walifika kwa kasia.

Livingstone naye alikuwa ameshajaribu wanyama. Mwaka 1866 alipanda bonde la Ruvuma na ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama, baghala 2 na punda 4, apate kujua nani kati yao angemshinda mbung'o. Jaribio likaharibika. Shajara yake imejaa malalamiko juu ya askari wa msafara waliowapiga na kuwalemea wanyama, hata asiweze kusema kwa yakini kama ngamia ameuawa na inzi au na fimbo.

Tunasema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Katika njia ya Tanganyika ya karne ya 19 punda walikufa kweli, na mzigo ukafika mabegani mwa mpagazi.

Je, wajua kwamba tembo wa India aliwahi kufika ufukweni mwa Tanganyika kwa miguu? Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne waliofundishwa, pamoja na waongozaji wao, kutoka India. Walishushwa Msasani, jirani na Dar es Salaam, chini ya Frederick Carter. Walivuka maeneo ya mbung'o hadi Mpwapwa, watu wakashangilia kwamba dawa ya usafiri imepatikana. Kisha wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, kwa mizigo mizito, joto na lishe duni. Mwisho wa mwaka aliyefika Karema, upande wa Tanzania wa ziwa, alikuwa mmoja tu, jike aliyeitwa Pulmalla. Carter aliuawa mwaka uliofuata, na mpango ukaishia hapo.

Leopold hakukoma. Mwanzoni mwa karne ya 20 kituo cha kufundisha tembo wa Afrika kilifunguliwa Api, kaskazini mwa Kongo, chini ya ofisa Laplume. Baadaye kazi ilihamia Gangala-na-Bodio, karibu na Garamba. Waliokamatwa ni tembo wadogo. Siri ya kituo ilikuwa tembo mkubwa aliyekwisha zoea watu: mdogo alifungwa ubavuni pake, akatembea naye, akaoga naye mtoni, akajifunza kutoka kwake kwamba binadamu hana haja ya kuogopwa. Wafugaji wa farasi wanaijua mbinu hii vizuri. Farasi mchanga huvushwa maji kwa mara ya kwanza nyuma ya farasi mzee mtulivu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Je, wajua kwamba mtoto wa farasi husimama kwa miguu yake ndani ya saa moja au mbili tangu azaliwe, na siku hiyohiyo anaweza kukimbia? Kwato zake huzaliwa zimefunikwa kwa utando laini kama mpira, zisimjeruhi mama tumboni. Utando huo huchakaa mara anapoanza kutembea. Mnyama aliyeumbwa kukimbia siku ya kwanza ya maisha yake, ndiye unayetaka akusimamie umfunge kamba.

Hapa ndipo methali ya wavuvi inapoleta mjadala. Samaki mkunje angali mbichi, na Rumonge ni mji wa wavuvi, hakuna wa kuipinga. Katika miaka ya 1990 daktari wa mifugo wa Marekani, Robert Miller, aliieneza kwa upande wa farasi: mtoto akizaliwa tu, mshike, mpapase mwili mzima, mtie vidole masikioni na mdomoni mpaka aache kupinga, naye atakuwa mpole maisha yake yote. Watafiti wa Ufaransa, Séverine Henry na Martine Hausberger wakiwamo, wakaja kulipima jambo hilo. Watoto walioshikwa kwa nguvu saa za mwanzo hawakuwa wapole kuliko wengine walipokua. Kundi jingine halikuguswa kabisa. Mtafiti alikuwa anampiga brashi mama yake taratibu, dakika chache kwa siku, siku tano za mwanzo, na mtoto anatazama. Watoto hao ndio waliomkaribia binadamu kwa hiari, na athari ilionekana hata baada ya miezi mingi. Samaki hukunjwa, sawa. Mtoto wa farasi humtazama mama yake kwanza, akiona mama ametulia naye anatulia.

Je, wajua kwamba farasi hajifunzi kwa kuvutwa kamba, bali kwa kulegezewa? Hili ndilo moyo wa kazi nzima, na ndilo linalowashinda wengi, kwa hiyo tulikalie kidogo. Unamvika kamba ya kichwa farasi wa mwaka mmoja ambaye hajawahi kuongozwa. Unaivuta polepole, si kwa kishindo, halafu unaishikilia palepale. Atavuta nyuma, atainua kichwa, atatikisa shingo. Wewe huongezi wala hupunguzi. Mara anapoelekeza uzito mbele, hata kwato haijanyanyuka bado, unalegeza papo hapo. Ukichelewa akafika hatua ya pili ndipo ulegeze, umemfundisha kitu kingine. Ukilegeza wakati anarudi nyuma, umemfundisha kurudi nyuma, na kesho atarudi nyuma kwa nguvu zaidi, nawe utamwita mkaidi. Farasi mkaidi, mara nyingi, ni mwanafunzi hodari wa mwalimu asiyejua anafundisha nini.

Lijamu na hatamu hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na miguu ya mpandaji vilevile. Mpandaji mwema ni mwepesi wa kuachia.

Na chakula? Chakula nacho hufundisha. Watafiti wa Rennes, Ufaransa, waliwafundisha farasi wadogo kwa kuwapa kitu kitamu kila wanapotii, wakawalinganisha na waliofundishwa bila zawadi. Wa zawadi walijifunza haraka zaidi, na miezi kadhaa baadaye bado walimfuata binadamu, hata yule wasiyemjua.

Xenophon, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya farasi, na ushauri wake kwa mfugaji wa farasi mchanga unaweza kutumika leo bila kubadilishwa. Anataka njaa, kiu na bughudha ya inzi vimpate farasi akiwa peke yake. Chakula, maji na nafuu ya inzi vimjie kwa mkono wa mtu. Na kamwe usimwendee kwa hasira. Mzee huyu alikuwa askari, si mtu wa kubembeleza kwa kupenda kubembeleza. Alijua vitani unamtegemea mnyama unayemkalia.

Je, wajua mahali pa kumpapasa? Si usoni. Ni pale shingo inapokutana na mgongo, juu ya mabega, ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno. Mwaka 1993 watafiti wawili walipima mapigo ya moyo wa farasi wakikunwa hapo, yakashuka. Walipokunwa sehemu nyingine ya mbali, hayakushuka. Nyani wana desturi yao ya kuondoleana chawa, farasi wana hii, na mtu mwenye vidole vitano anaweza kukaribishwa.

Ngozi ya farasi husikia inzi mmoja anapotua, na huitikisa sehemu hiyohiyo peke yake. Basi fikiria anavyosikia teke la kisigino.

Macho yake yako pembeni, kwa hiyo huona karibu duara zima, isipokuwa sehemu mbili: nyuma kabisa ya mkia, na mbele kabisa ya paji la uso. Ndiyo maana anayemfikia farasi kwa nyuma kimyakimya hupigwa, na anayemnyoshea mkono puani ghafla humwona akirusha kichwa. Tunasema shukrani ya punda mateke. Punda, binamu yake, ana kasoro hiyohiyo ya macho. Mengi ya mateke yale hayana uhusiano wowote na shukrani, ni mtu ametokea mahali asipoonekana. Tofauti yao ni hii: farasi akishtuka hukimbia kwanza, punda husimama akafikiri. Wanaomwita punda mjinga wamempiga kwa sababu ya kufikiri.

Lamu wanalijua hilo kuliko wengine. Katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda hubeba mchanga, mawe na watu, na tangu 1987 kuna zahanati maalumu ya punda mjini humo. Siku za Maulidi vijana hushindana kwa mbio za punda, bila tandiko.

Je, wajua kwamba farasi aliwahi kuwahadaa maprofesa? Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, farasi aliyeitwa Hans alikuwa akijibu hesabu kwa kugonga kwato chini. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alifumbua fumbo: Hans alikuwa anasoma mwili wa muulizaji, ambaye bila kujijua alinyanyua kichwa kidogo jibu lilipofika. Hesabu hakuijua. Watu aliwajua sana.

Na si hivyo tu. Huko Sweden watafiti waliwataka watu wamwongoze farasi mara kadhaa katika njia moja, kisha wakawaambia kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla mbele yao. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo yalipanda, ya mtu na ya farasi pia. Hofu ilipita kwenye kamba. Ukimwendea farasi mchanga na shughuli zako za benki kichwani, bora uahirishe.

Mwaka 1858, wasafiri Burton na Speke wakiwa wanapigiwa makasia kutoka Ujiji kuelekea Uvira, Mmarekani wa Ohio, John Rarey, alikuwa gumzo la London kwa kumtuliza farasi dume aliyeitwa Cruiser, mnyama mkali aliyekuwa akifungwa chuma mdomoni asiwaume watu. Malkia Victoria aliitazama kazi ya Rarey. Mpaka pundamilia wa bustani ya wanyama alimtuliza. Ukweli usemwe: Rarey alianza kwa kumfunga mnyama mguu mmoja wa mbele asiweze kukimbia, halafu ndipo upole ulipoanza, mkono ukipita mwili mzima bila haraka. Wengi walioiga waliiga kamba, wakasahau mkono.

Karibu na zama zetu ni Monty Roberts, aliyeonyesha mbinu yake mbele ya Malkia Elizabeth II mwaka 1989. Humwachia farasi mchanga azunguke ndani ya uwanja wa duara huku akimsukuma kwa kumkabili na kumkazia macho. Akiona dalili za kulegea humgeuzia bega, na farasi humfuata bila kamba. Inapendeza mno, watazamaji hulia. Lakini mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walifanya vilevile kwa kigari cha kuchezea kinachoongozwa kwa rimoti: kilimfukuza farasi, kikasimama alipolegea, na farasi akakifuata kigari. Mimi hilo halinishangazi. Kinachomvuta ni ile nafuu baada ya kusukumwa, iletwe na mtu au na plastiki. Mapenzi, kama yapo, hujengwa baadaye, kwa siku nyingi za kawaida.

Wajua kwamba farasi akilambalamba midomo na kutafuna hewa haimaanishi kwamba ameelewa somo? Walimu wengi husema hivyo. Utafiti wa 2018 juu ya farasi wa porini huko Ecuador ulionyesha kwamba hufanya hivyo wanapotoka katika hali ya wasiwasi kuingia katika utulivu. Kwa lugha nyingine, anakwambia kwamba dakika moja iliyopita ulimwogopesha.

Dalili bora zaidi ya imani ni usingizi. Farasi husinzia amesimama, lakini usingizi mzito hauji mpaka alale chini, na halali chini mahali anapopaogopa. Akilala ubavu nawe umesimama zizini, umepewa cheti.

Je, wajua kwamba mifupa ya uti wa mgongo wa farasi haikomai mpaka afike kama miaka mitano na nusu? Farasi wengi wa mashindano hupandwa wakiwa na miaka miwili. Hapo, kwa maoni yangu, biashara imemshinda mnyama.

Wajua kwamba kule Oman, ambako maelfu ya watu huzungumza Kiswahili majumbani, sanaa ya kuonyesha farasi na ngamia iitwayo Ardhah iliingizwa 2018 katika orodha ya urithi wa UNESCO? Farasi wawili hukimbizwa sambamba, wapandaji wakishikana mikono, wengine wakisimama wima juu ya matandiko. Haiwezekani kwa farasi aliyefundishwa kwa kiboko. Akichepuka shubiri moja, mtu ameanguka. Na Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Oman na Unguja, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani 1886 jinsi watoto wa Sultani walivyofundishwa kupanda wakiwa bado wadogo, wavulana farasi, wasichana punda weupe wa Maskati.

Turudi ziwani. Rumonge haina farasi, ila ina ndama, na tangu hivi karibuni ndama huyo yuko karibu na mkono kuliko wakati wowote. Sheria ya Burundi ya 4 Oktoba 2018 inaamuru mifugo ifungiwe zizini na kukatazwa kuzurura, na utekelezaji wake ulianza miaka mitatu baadaye. Ng'ombe aliyekuwa akimwona mchungaji kwa mbali mlimani sasa anakatiwa majani na kuletewa maji na mtu mmoja kila siku. Ndiyo ile hali ya Xenophon, imeletwa na serikali. Kuna wafugaji waliolalamikia gharama za kukata majani, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini aliye na ndama zizini ana nafasi ambayo babu yake hakuwa nayo.

Na mahali pa kumpapasa ng'ombe je? Chini ya shingo. Watafiti wa Austria walilinganisha sehemu mbalimbali za mwili, wakakuta ng'ombe hunyoosha shingo na kulegeza masikio zaidi wanapopapaswa pale ambapo wenzao huwalamba.

Je, wajua kwamba mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Newcastle kiliwahoji wafugaji 516 wa Uingereza, kikakuta waliowaita ng'ombe wao kwa majina walipata maziwa zaidi, lita zinazopindukia 250 kwa ng'ombe kwa mwaka? Jina peke yake halikamui. Anayemwita mnyama kwa jina ndiye pia anayemtazama, anayemgusa, anayegundua mapema kwamba leo hali vizuri. Wazee wa Burundi, waliowapa ng'ombe majina na kuwasifu kwa mashairi, hawakusubiri takwimu.

Ipo pia desturi inayoendeshwa na miradi ya mifugo nchini humo tangu vita viishe: familia hupewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza hupelekwa kwa jirani asiye naye. Ndama aliyezoeshwa kuongozwa kwa kamba humfikia jirani bila vurugu. Aliyekua bila kuguswa humfikia jirani na watu wanne wakimvuta.

Maksai wa Usukuma nao huanza kuzoeshwa nira wakiwa na miaka kama miwili au mitatu, mara nyingi wakifungwa pamoja na maksai mzee, plau ikiwa bado imebaki nyumbani.

Usidhani kazi hii ni ya wanyama wakubwa tu. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wanaanza wakiwa na wiki chache, macho yamefumbuka juzi. Kabla ya harufu yoyote, wiki za mwanzo ni za kuzoea watu: hubebwa begani, hupandishwa gari, husikilizishwa kelele. Kisha huja mlio mdogo wa kidude cha mkononi unaomaanisha kipande cha ndizi kinakuja. Mafunzo huchukua kama miezi tisa. Magawa, panya wa Morogoro, aligundua mabomu 71 na vilipuzi vingine 38 visivyolipuka huko Kambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu Uingereza. Mwenzake Ronin akavunja rekodi yake: mabomu 109 kufikia 2025. Hakuna panya aliyewahi kufundishwa kwa fimbo akaenda kwenye bomu kwa hiari.

Basi msomaji, siku ukifika Ngong kwenye mbio za farasi, au ukialikwa shambani Sohar, Oman, usimkimbilie farasi. Mwendee kwa upande wa bega la kushoto, ndiko wengi wamezoeshwa kufikiwa, ukisema neno lolote kwa sauti ya kawaida ajue ulipo. Simama kabla hajakukimbia. Mpe mgongo wa mkono anuse, mkune juu ya mabega, kisha ondoa mkono wewe kwanza, kabla yeye hajachoka.